Mbao za Banda la Mbuzi: Weka Pesa Chini, Okoa Juu

Mvua zinapokaribia, swali hili hutufikia tena na tena: mti gani wa bei nafuu unafaa kujengea banda la mbuzi? Wengine hutaja mti kabisa. Mkaratusi unafaa? Paini je, haiozi upesi? Nikipata mabanzi ya bure kiwandani, si yanatosha banda zima?

Jibu langu huwaudhi wanaotaka jina moja tu la mti. Banda la kichanja, lile la sakafu iliyoinuliwa ambalo maofisa ugani wetu wanalisisitiza, halijengwi kwa mti mmoja. Anayenunua mbao za aina moja kwa banda zima hupoteza fedha mara mbili. Juu huweka mbao nzuri kuliko inavyohitajika, na chini huweka mbao dhaifu kuliko inavyostahili. Kwa hiyo badala ya kuuliza "mti gani", uliza "mti gani, sehemu gani".

Gawa banda kabla hujagawa fedha

Kila sehemu ina adui wake:

- Nguzo: mchwa kutoka ardhini, na unyevu wa udongo.
- Sakafu ya chaga: mkojo, kwato na uzito, kila siku ya Mungu.
- Kuta: pembe, meno na kusukumwa. Mvua huzifikia kidogo tu kama paa ni zuri.
- Paa: upepo. Mbao za kenchi zilizo chini ya bati huishi pakavu.

Ukiitazama orodha hii utaona fedha inahitajika wapi. Nguzo na chaga ndizo zinazoua mabanda. Kuta na paa unaweza kuzijenga kwa vitu ambavyo wengine wangevitupa.

Nguzo: hapa usibane mkono

Nguzo haianzi kuoza chini kabisa, wala juu. Huoza pale inapotokeza ardhini, kwenye kile kiasi cha shubiri moja juu na chini ya usawa wa udongo, penye hewa na unyevu kwa pamoja. Ukitaka kujua hali ya banda lako la zamani, chukua bisibisi uichome hapo. Ikizama kama inavyozama kwenye kiazi kilichochemshwa, nguzo imekwisha, hata kama juu inaonekana nzima.

Miti inayopatikana kwa bei ya kawaida huku kwetu ni hii:

- Mkaratusi. Ndio unaojaza soko: umenyooka, una nguvu, upo karibu kila wilaya. Lakini nguzo changa ya mkaratusi isiyo na dawa, ikizikwa penye mchwa, haina maisha marefu. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo chakula cha mchwa, na katika mti mchanga sehemu hiyo ni karibu mti wote.
- Mwati. Unapatikana Njombe na nyanda za juu za Kenya, mahali ulipopandwa kwa ajili ya maganda yake. Mgumu na wa bei nzuri. Uondoe ganda lote kabla ya kuutumia.
- Mvinje. Ndugu zangu wa pwani, Kilifi, Kwale mpaka Tanga, mnaujua vizuri. Una nguvu kuliko unavyoonekana, lakini hupasuka unapopigwa msumari na haupendi kuzikwa.
- Mtiki wa kupunguzia. Ukiwa karibu na mashamba kama Longuza au Mtibwa, unaweza kupata nguzo nyembamba zilizotolewa wakati wa kupunguza miti. Sifa ya mtiki ya kutooza iko kwenye sehemu ya kati yenye rangi nzito. Angalia kichwa cha nguzo: kama rangi hiyo ni duara dogo tu na kilichobaki ni cheupe, unalipia jina.
- Boriti za mikoko. Zinavumilia mchwa vizuri, lakini ukataji wake unahitaji kibali, na mikoko ndiyo inayolinda fukwe na mazalia ya samaki. Kwa banda la mbuzi, ziacheni.

Mninga, mkongo na mvule siitaji kwenye orodha ya nafuu. Mtu akikuletea mninga kwa bei ya paini, jiulize umetoka wapi. Dai risiti, na kwa Tanzania dai nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), maana mzigo usio na kibali ukikamatwa kizuizini anayeumia ni mwenye mzigo.

*Nguzo zilizotiwa dawa*

Kama unaweza kumudu kitu kimoja tu cha bei ya juu katika banda zima, kiwe hiki. Nazungumzia dawa iliyosukumwa ndani ya mti kwa mgandamizo kiwandani, ile inayoacha rangi ya kijani. Nguzo iliyopakwa kwa brashi nyuma ya duka ni kitu kingine kabisa, nayo ipo sokoni.

Namna ya kuzitofautisha: mwombe muuzaji akate kipande kidogo cha nguzo moja mbele yako, mbali kidogo na ncha. Kwenye paini rangi ya dawa iingie ndani sana. Kwenye mkaratusi itaishia kwenye sehemu nyeupe ya nje, na hiyo ni sawa, mradi iwe pete kamili isiyokatika. Ukikuta kijani cha juujuu kama rangi ya ukuta, ondoka.

Ukishainunua, usikate ncha itakayoingia ardhini. Ukilazimika kufupisha, kata upande wa juu, kwa sababu palipokatwa hufungua njia ya mchwa kuingia kwenye moyo wa mti usio na dawa.

*"Lakini bei yake ni mara tatu!"*

Ni kweli. Fanya hesabu kwa mwaka, na weka bei za kwenu badala ya hizi za mfano. Nguzo mbichi ya shilingi 6,000 ikidumu miaka 3, umelipa 2,000 kwa mwaka. Nguzo ya dawa ya shilingi 20,000 ikidumu miaka 15, umelipa kama 1,300 kwa mwaka. Na hapo hatujamlipa fundi wa kunyanyua banda lenye sakafu, kuta na bati ili abadilishe nguzo moja iliyoliwa.

*Njia ya tatu, ninayoipendekeza zaidi*

Usizike mti kabisa. Jenga vijiguzo vya zege au mawe vinavyotokeza angalau sentimita 30 juu ya ardhi, zamisha ndani yake kipande cha chuma bapa chenye matundu, halafu simamisha nguzo ya mti juu ya kijiguzo na uifunge kwa bolti. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia ya udongo juu ya zege, nawe utaiona na kuibomoa kwa fagio. Kwa namna hii hata mkaratusi wa kawaida uliokauka unaweza kutumika, na fedha ya dawa inakwenda kwenye saruji. Sharti lake ni moja: nguzo ambayo haikuzikwa haina mizizi, kwa hiyo funga mbao za mshazari kati ya nguzo na nguzo pande zote nne, la sivyo banda litayumba siku mabeberu wawili wakigombana.

*Makosa ninayoyaona sana kwenye nguzo*

- Kumwaga zege kuzunguka nguzo ndani ya shimo, usawa wa ardhi. Mti ukikauka husinyaa, maji huingia katikati na hayana pa kutokea. Kama lazima uzike, weka kokoto chini ya nguzo, shindilia udongo, na uinue tuta dogo linalomwaga maji nje.
- Kuchoma ncha kwa moto na kuamini kazi imekwisha. Safu ya mkaa ni nyembamba, na ufa wa kwanza ni mlango.
- Kutegemea oili chafu. Inasaidia kidogo kwa muda, kisha inabaki kwenye udongo pamoja na metali zake. Kwenye nguzo iliyo mvunguni, mbali na wanyama, uamuzi ni wako. Mahali mbuzi anapoweza kulamba, hapana.
- Kuacha ganda. Chini ya ganda ndipo bungua hutaga, na ndipo maji hukaa.

Sakafu ya chaga: hapa ndipo miguu huvunjika

Nguzo mbovu hukuletea hasara polepole, lakini chaga mbovu huvunja mguu wa mbuzi usiku mmoja. Kwa hiyo soma sehemu hii mara mbili.

Chaga inatakiwa iwe ngumu, laini juu na iliyonyooka. Mbao ya mbili kwa mbili iliyopasuliwa vizuri ndiyo kipimo cha kawaida. Mkaratusi uliokaushwa ni mzuri, mgrivea na saipresi zinafaa, paini inakubalika ila itachakaa mapema. Pwani, mbao ya mnazi iliyotoka upande wa nje wa gogo ni ngumu sana. Ile ya katikati ni laini kama sifongo, usiikubali hata kwa bure. Mnazi pia una nyuzi kali, hivyo upige randa au msasa kabla ya kuutandika.

Fito za mviringo nazikataa kabisa kwa sakafu, ingawa wengi huzitumia. Kwato huteleza juu ya mgongo wa fito na kuingia katikati. Mianzi iliyopasuliwa ina tatizo hilohilo la utelezi ikishalowa mkojo.

Nafasi kati ya chaga na chaga iwe sentimita 1.5 hadi 2 kwa mbuzi wakubwa, na pungufu kidogo ya hapo kwenye chumba cha vitoto. Usimwachie fundi akisie kwa jicho. Mpe kipande cha nondo ya milimita 16 akiweke katikati ya chaga mbili kabla ya kupiga msumari, kisha akitoe na kuhamia inayofuata. Kwa vitoto mpe nondo ya milimita 12. Samadi itapita, kwato haitapita.

Sasa onyo kubwa: mbao mbichi husinyaa. Ukitandika chaga zinazotoka maji leo, baada ya miezi michache nafasi zitakuwa zimepanuka na baadhi ya chaga zitakuwa zimejikunja kama upinde. Nunua mbao za sakafu kwanza kabla ya kitu kingine chochote, zipange kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, weka mawe juu yake, uziache wiki sita hadi nane wakati unashughulikia nguzo.

Mambo mengine ya sakafu:

- Mbao za kubebea chaga ziwe kila sentimita 60, za mbili kwa nne zilizosimamishwa kwa ubavu wake mwembamba.
- Tumia misumari iliyopakwa zinki. Mkojo hula msumari wa kawaida upesi, na msumari uliolegea hutokeza kichwa na kukata mguu.
- Mkaratusi mkavu utoboe kwanza kwa keekee, usije ukapasuka.
- Tengeneza sakafu kwa vipande vya fremu vinavyoinuliwa na mtu mmoja, badala ya kuipigilia yote moja kwa moja. Chaga ndizo zitakazochoka kwanza. Ukiwa na vipande, unatoa kimoja, unakifanyia kazi uwanjani, unakirudisha.
- Mvungu uwe na kimo cha mita 1 au zaidi. Mvungu mfupi hauzolewi samadi, na samadi isiyozolewa huozesha mbao kwa unyevu kutoka chini.

"Nipake chaga dawa ile ya kijani zidumu?" Usifanye hivyo. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Mbuzi hulala juu ya chaga, huzilamba, na vitoto huzitafuna. Chaga ikubali kuwa kitu cha kubadilishwa.

Kuta: sasa unaweza kubana

Hapa ndipo mabanzi yanapopata heshima yake. Ni vile vipande vya pembeni vya gogo, upande mmoja bapa na mwingine wenye ganda, vinavyorundikana kwenye viwanda vya mbao Mafinga, Makambako na kwingineko. Karibu na kiwanda bei yake ni ndogo sana, na gharama kubwa ni ya usafiri. Kadiri unavyokaa mbali na kiwanda, ndivyo faida yake inavyopungua. Ukiwa Dodoma au Singida, huenda ukapata mbao za mkono wa pili kwa bei ndogo kuliko mabanzi.

Hizo mbao za mkono wa pili ni zile zilizotumika kufungia zege kwenye ujenzi wa nyumba, pamoja na mirunda iliyozishikilia. Zimeshakauka, zimeshajipinda kadiri ya kujipinda, unachokiona ndicho utakachokipata. Ng'oa kila msumari, gonga saruji iliyoganda, na ukate ncha zilizopasuka.

Kanuni za ukuta:

- Bandua ganda lote la mabanzi. Kupe na viroboto hupenda kujificha humo.
- Pigilia mbao upande wa ndani wa nguzo. Mbuzi husukuma kutoka ndani kwenda nje. Mbao ikiwa ndani, msukumo unaikandamiza kwenye nguzo. Ikiwa nje, kila msukumo unang'oa msumari.
- Acha nafasi za hewa, ila upande unaovuma upepo wa baridi uzibe vizuri usawa wa mbuzi aliyelala. Kwenye maeneo ya baridi kama Mgeta, ambako mbuzi wa maziwa wamefugwa kwa miaka mingi, hilo si jambo la hiari.
- Mahali penye fisi au chui, nafasi zisizidi upana wa ngumi na mlango uwe na komeo la chuma. Mabanzi membamba peke yake hayatoshi.

*Paleti za bandarini*

Watu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huuliza sana kuhusu paleti. Zinafaa kwa kuta, zikikaguliwa. Tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, hiyo acha. Isiyo na muhuri wowote, au yenye madoa ya mafuta na harufu ya kemikali, iache pia, maana hujui ilibeba nini.

*Mianzi*

Inafaa kwa kuta na hori la majani. Kata iliyokomaa, ya miaka 3 au zaidi. Mwanzi mchanga una wanga mwingi na bungua watauvamia. Ukiona unga mwepesi umedondoka chini ya ukuta, wameshaingia.

Paa ni dawa ya mbao zote

Kwenye kenchi tumia paini nyepesi au fito za mkaratusi zilizonyooka. Sitasema mengi hapa, ila hili: refusha kingo za paa zitokeze sentimita 60 nje ya ukuta. Futi mbili hizo za bati zitaokoa mbao nyingi kuliko kopo lolote la dawa. Banda refu liangalie mashariki na magharibi kwa ncha zake, ili jua kali la mchana lisiingie ubavuni.

Ukifika sokoni

Nenda na futikamba yako, na usione haya kuitumia.

- Pima unene. Mbao inayoitwa mbili kwa nne mara nyingi ni pungufu. Hilo limezoeleka, lakini bei ilingane na kilichopo.
- Inua mbao mbili za ukubwa mmoja. Nzito kuliko mwenzake huenda ni mbichi.
- Itazame kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha, uone kama imepinda.
- Tazama kichwa chake. Kwenye paini, pete pana sana na kiini laini katikati ni dalili ya mti uliovunwa mchanga, utajipinda.
- Fundo kubwa linalotikisika halikubaliki kwenye chaga wala mbao za kubebea. Kwenye ukuta halina neno.
- Chagua mbao wewe mwenyewe, na usimamie zikipakiwa garini.

Mfano: banda la mbuzi sita

Mbuzi mkubwa mmoja mpe kama mita ya mraba 1.5. Kwa sita unahitaji mita za mraba 9. Mbao nyingi huuzwa kwa urefu wa futi 12, basi jenga banda la futi 12 kwa 9, kama mita za mraba 10, ili vipande visipotee.

- Nguzo 12: mistari mitatu yenye nguzo nne nne. Kumi za pembeni zinafika kwenye paa, mbili za katikati zinaishia chini ya sakafu, kwa hiyo hizo ziwe fupi.
- Mihimili 3 ya futi 12, mmoja kwa kila mstari wa nguzo.
- Mbao 7 za kubebea chaga, futi 9 kila moja. Ukilazimika kununua za futi 12, vipande vya futi 3 vinavyobaki vitatengeneza ngazi na hori.
- Mbao 42 za mbili kwa mbili za futi 12 kwa chaga. Kila moja ikatwe mara tatu, upate vipande 126 vya futi 4. Vipande 14 vinatengeneza fremu moja ya futi 4 kwa 3, na fremu tisa zinajaza sakafu. Ongeza mbao chache za kuunganishia fremu kwa chini.
- Kuta na paa: kadiri ya mabanzi, mirunda au paleti ulizopata.

Sumu zisizoonekana

Masalia ya mbao zilizotiwa dawa usiyachome, wala jikoni wala kwenye takataka. Moshi na majivu yake yana aseniki. Unga wake wa msumeno usiutandike chini ya mbuzi. Mbao za nyumba za zamani zenye rangi inayobanduka usiziweke mahali penye meno, rangi nyingi za zamani zina risasi. Na kwa wanaotaka uzio hai kuzunguka uwanja wa mbuzi, minyaa ina utomvu unaochoma macho, na mbono kaburi una sumu kwenye mbegu zake. Usipande chochote kati ya hivyo mahali vitoto vinapochezea.

Fedha ikiwa haitoshi mwaka huu

Usishushe ubora wa nguzo ili banda likamilike kwa mara moja. Simamisha vijiguzo na nguzo zote 12, ezeka paa lote, kisha weka fremu za sakafu nusu tu na uzungushie kuta za muda kwa mabanzi. Mbuzi watatu wa kwanza watakaa vizuri. Nusu iliyobaki itasubiri chini ya paa kavu, na mbao zake utakuwa umezikausha taratibu papo hapo mvunguni, upande ambao haujapokea samadi.